Kufunga Kunakopitisha na Kufunga Kunakozuia: Istilahi na Kinga ya Kipandishavolteji

Maji hufuata mkondo, walinena wahenga. Wanaistilahi wa Kiswahili walipotafuta jina la umeme unaotiririka, walilichukua neno hilo hilo, mkondo. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi kipandishavolteji kinavyokingwa dhidi ya mkondo unaorudi kutoka upande wa kutokea umeme, na kuonyesha mahali ambapo sitiari ya maji humpotosha fundi.

Utendakazi wa Kipandishavolteji

Tuchukue mfano wa chaja za kubebwa mfukoni zinazouzwa Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi. Seli ya lithiamu iliyomo hutoa takriban volti 3.7, ilhali simu huhitaji volti 5. Pengo hili huzibwa na saketi yenye koili, swichi, dayodi na kapasita. Swichi inapopitisha umeme, koili hulimbikiza nishati katika uga wake wa sumaku. Swichi inapokatiza, koili hukataa mkondo wake kukoma ghafla. Volteji yake hujumlishwa na ya seli, na mkondo husukumwa kupitia dayodi hadi kwenye kapasita.

Dayodi ni mlango wa njia moja. Huizuia kapasita isimwage chaji yake nyuma kupitia swichi. Hata hivyo, mlango huu hutoza ushuru. Dayodi ya Schottky inayopoteza volti 0.4 kwa mkondo wa ampea 2 hugeuza wati 0.8 kuwa joto, kutoka kwa wati 10 zinazokusudiwa simu. Kwa sababu hiyo, wahandisi wengi huweka transista mahali pake. Yenye ukinzani wa miliomu 20 hupoteza takriban wati 0.1 tu.

Hatari na Kinga Zake

Ikumbukwe kwamba transista iliyowashwa hupitisha mkondo pande zote mbili. Mzigo ukiwa mdogo, au upande wa kutokea ukiunganishwa na chanzo chenye volteji kubwa zaidi, mkondo waweza kugeuka. Hapo saketi huwa kishushavolteji kinachotazama nyuma, na nishati hurejeshwa kwenye seli bila udhibiti wa chaja. Seli za kawaida za lithiamu hazipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2, zikipitishwa kiwango hicho kwa kiasi kikubwa, huweza kushika moto.

Kinga ni tatu. Kwanza, kidhibiti hupima mkondo na kuizima transista mara mkondo unapofika sifuri; dayodi ya asili iliyo ndani ya transista hubaki ikiruhusu mwelekeo wa mbele pekee. Pili, dayodi ya Schottky huongezwa mwishoni mwa saketi, na hasara yake hukubaliwa. Tatu, huongezwa transista ya pili yenye saketi inayolinganisha volteji za pande zake mbili, na kuizima punde upande wa nje unapouzidi wa ndani.

Tatizo la Istilahi

Katika kinga ya kwanza na ya tatu, amri iliyo muhimu ni moja: zima. Tukiandika "funga transista", tunazua utata. Mkazi wa Kangemi au Kawangware anapofunga mfereji, maji hukoma. Lakini katika somo la fizikia, saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyo wazi haipitishi. Kitenzi kimoja, basi, chabeba maana mbili zinazopingana. Fundi aliyeelewa kinyume ataiacha transista ikipitisha wakati ule ule ilipotakiwa kuzuia, na seli ndiyo itakayolipia kosa la mwandishi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilitujengea msingi wa istilahi za sayansi, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wajibu uliobaki ni wa wanaoandika maelekezo. Makala hii inapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi tutumie washa na zima, au pitisha na katiza, na kufunga tuwaachie wenye mifereji na milango. Istilahi iliyo wazi ni kinga ya nne.