Saa moja na robo wanayonyimwa wanafunzi kila jioni

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaeleza bayana jinsi siku ya mwanafunzi inavyopaswa kugawanywa katika shule za umma humu nchini. Masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kukamilika saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika 45, yaani saa moja na robo, ni wakati wa michezo, vyama vya wanafunzi, muziki na maigizo. Hiyo ni kanuni ya serikali, wala si pendekezo la mwalimu apendaye kandanda.

Hata hivyo, katika shule nyingi za upili wakati huo huwakuta watahiniwa wangali madarasani, wakijibu maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Pengine tatizo linaanzia kwenye jina. Tumezoea kuziita shughuli hizi "za ziada", na cha ziada ndicho hukatwa kwanza. Ajabu ni kwamba masomo ya ziada wakati wa likizo, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliyapiga marufuku, yamekuwa yakilipiwa na wazazi bila kunung'unika, ilhali mchezo ulioruhusiwa na sheria huonekana kuwa wizi wa wakati.

Je, kweli ni wizi? Mfano wa Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, iliyoko Njoro katika Kaunti ya Nakuru, unaonyesha vinginevyo. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu, na wanafunzi wake wengi walitoka katika familia maskini zinazosumbuliwa na ukame. Mwalimu wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi, alianzisha chama cha kukuza vipaji, akapanua chama cha sayansi na kuunda chama cha amani ili kuwaunganisha wanafunzi wa makabila saba katika eneo lililoathiriwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wanachama wa sayansi walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu, na baadhi ya wanafunzi wakafuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya mwaka wa 2019 katika jimbo la Arizona, Marekani. Machi mwaka huo, Bruda Tabichi alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni moja.

Kwa mujibu wa waandalizi wa tuzo hiyo, visa vya utovu wa nidhamu shuleni humo vilipungua kutoka 30 kwa wiki hadi vitatu. Mnamo 2017 ni wanafunzi 16 kati ya 59 waliojiunga na vyuo. Mwaka uliofuata walikuwa 26. Si haki kudai kuwa vyama pekee ndivyo vilivyoleta hayo, kwani mwalimu huyo pia aliwatembelea wanafunzi makwao. Lakini ni dhahiri kwamba havikuwarudisha nyuma.

Sababu si ngumu kuielewa. Kijana wa miaka 16 ambaye kila muhula huwa wa 40 darasani huhitaji mahali pengine pa kujipima. Akiwa katibu wa chama cha mdahalo atajifunza kuandika kumbukumbu za mkutano. Akiwa mweka hazina ataeleza matumizi ya fedha mbele ya wenzake. Katika maigizo, msichana asiyethubutu kuinua mkono darasani hulazimika kupaza sauti ukumbi mzima umsikie. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa kati ya miaka mitano na 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mwanafunzi wa bweni anayekaa kitini tangu alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku atazipata wapi?

Upo pia upotovu wa aina nyingine, nao ni kuwathamini mabingwa tu. Shule ya St Patrick's, Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka wa 1976 kufundisha jiografia, ilitoa washindi wa dhahabu ya Olimpiki kama vile Peter Rono mwaka wa 1988 na Matthew Birir mwaka wa 1992. Ni fahari kubwa. Lakini shule inayoiga fahari hiyo kwa kutafuta wachezaji 20 wa kuletea kombe, huku mamia ya wengine wakibaki watazamaji, haijatimiza lengo la kipindi cha jioni.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipojiunga na shule za upili za juu. Mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni ya sanaa na michezo. Kijana ambaye jioni zake zote ziligeuzwa kuwa marudio huchagua mkondo kwa kubahatisha, au huchaguliwa na babake.

Mzazi anayetaka kujua hali ilivyo anaweza kuuliza katika mkutano wa wazazi: saa tisa na nusu mwanangu huwa wapi? Akijibiwa kuwa yuko darasani, ana haki ya kuuliza pia jinsi fedha za shughuli hizo, ambazo ni sehemu ya mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi, zinavyotumiwa.