Buda, Green Ni ya Mtaa

Hii story ya kuishi green imefika mpaka mall, na bei yake ni noma. Mrija wa chuma ndani ya kaboksi. Mswaki wa mianzi, bei ya unga ya wiki. Chupa ya maji ya ngiri tatu. Msee anabuy set yote, anapiga picha, halafu anaita teksi ya app impeleke stage mbili mbele. Hiyo ni kuchoma picha! Green ni kutumia kitu mpaka iishe. Na hapo, mtaa ilishawin kitambo.

Anza na luku. Soko ya mtumba, Gikosh ama Toi, basi. Hiyo shati ishashonwa, pamba ishalimwa, maji ishatumika. Kazi yako ni kuivaa miaka ingine tano. Lakini uamke, manze. Bale hufunguliwa asubuhi, na camera zote, zile nguo kali, huenda na wenye walifika mapema. Ukitokea saa nane mchana unapata fagia, yaani mabaki. Na chunga hizo fagia: nguo tano za soo zenye hutawahi vaa ni takataka umejinunulia na doo yako. Chukua jeans moja ngumu, pitia kwa fundi wa cherehani apunguze kiuno, na hakuna mtu Kanairo ako na kama yako. Anko atasema mtumba ni nguo za marehemu. Anko huyo amevaa suti moja tangu harusi yake. Kwa nguo, ni green kutushinda wote, ni vile tu hajajijua.

Maziwa ni ya ATM. Chupa yako, finje yako, jaza, sepa. Hakuna pakiti ya kutupa. Mafuta ya kupika pia iko ya kupima hapo kwa duka. Simu ikizima, usikimbilie mpya, panda Luthuli Avenue, fundi wa simu abadilishe betri.

Sasa mfuko. Tangu 28 Agosti 2017, paper za plastiki ni haramu Kenya. Faini ni milioni 2 mpaka 4, ama jela mpaka miaka 4. Tukaletewa zile baggy za rangi rangi zenye ukishika unadhani ni kitambaa. Wapi! Hiyo pia ni plastiki. Ikichanika inaishia Dandora, na dampo ya Dandora ilitangazwa imejaa 2001. Wengine wenu hamkuwa mmezaliwa, na lori bado zinaingia. Mabeshte zetu wa huko wanapumua huo moshi wakienda shule, wakilala, wakimanga. Mi hiyo hunikasirisha vibaya. So beba kiondo. Eeh, kiondo ya shosh, ya sisal. Inameza sukuma, unga na waru, na ukiitupa kwa bega na ndula safi, mtaa mzima inageuka.

Halafu moti. Kila sherehe, anko: "Na gari utanunua lini?" Cheki hesabu. Nganya moja, wasee 33, ngoma inagonga, graffiti imeiva. Anko ako solo kwa Prado, jam ya Mombasa Road, anachoma mafuta akisikiza habari. Nani ameomoka hapo? Kama una haraka, kuna nduthi za stima. Hazina kelele, hazina moshi, betri ikiisha unaswap na kuendelea. Na stima ya Kenya, nyingi yake ni mvuke ya chini ya ardhi ya Olkaria, maji na upepo, kumaanisha hiyo nduthi hairudishi moshi kwa mlango ya nyuma.

Wazae watacheka. Wacha wacheke. 1989 wazae wa bunge walimtusi Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, juu alikataa ghorofa 60 ijengwe Uhuru Park. Ghorofa haikujengwa. 2004 akachukua Nobel. Leo wazae wanapumzika chini ya miti ya hiyo park, bila hata kusema asante.

Jumamosi mbogi inashuka Gikosh. Stage, saa kumi na mbili asubuhi. Kuja na kiondo yako. Na anko akikuuliza mbona unapanda mathree, mwambie kumebaki kiti moja, afanye haraka.