Ulevi, Stara na Siri za Serikali

Miongoni mwa jamaa zetu wakaao Marekani wapo vijana waliokwisha pata uraia, watafutao kazi za ukalimani, za jeshi au za makampuni yenye mikataba na serikali, kazi zisizoshikwa ila na mwenye kibali cha usalama, yaani idhini ya kuaminiwa siri za dola; na swali waulizalo kwa sauti ya chini, wazee wakisha ondoka barazani, ni kama mtu aliyeshikwa na polisi usiku mmoja akiendesha gari hali amelewa amekwisha jifungia riziki hiyo maisha.

La, hakujifungia. Kanuni zitumikazo tangu Juni 2017 zina milango 13, kuanzia A hadi M, na mlango wa G ndio uhusuo pombe. Wala haumlaumu mtu kwa kunywa tu, maana kileo ni halali katika nchi ile, bali wamtazama aliyewahi kutolewa na kileo katika busara yake, akaendesha gari, akapigana, akamdhuru mke au mtoto, akafika kazini amelewa, au akakaidi amri ya hakimu na nasaha ya tabibu. Tukio moja la zamani hupimwa kwa umbali wake na kwa hali iliyolizaa; yakifuatana mawili matatu huwa ni ada, nayo ada haiondolewi kwa kuomba radhi, bali kwa ithibati ya matibabu yaliyotimizwa na ya muda mtu aliokaa pasipo kunywa, au akinywa kwa kiasi. Mwenye kwenda kutibiwa kwa hiari yake huhesabiwa hilo kuwa jema, ingawa wengi wetu huliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Walakini shaka ikibaki, humwelemea mwombaji. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kadhia ya Thomas Egan, mfanyakazi wa kituo cha kutengenezea nyambizi huko Bremerton, aliyenyimwa kibali kwa sababu ya hukumu za shambulio na silaha, na ya ulevi wa zamani alioukiri mwenyewe, na ya makosa mawili ambayo hakuyaandika alipoomba kazi. Mahakama ikasema kwamba kibali cha namna hii si haki ya mtu ye yote.

Hayo makosa yasiyoandikwa ndiyo yanayonitia hofu kwa ajili ya watu wetu. Sisi tumelelewa katika stara: aibu ya mtu hufunikwa, na anayeifunua ndiye mbaya. Basi mpelelezi akibisha hodi kwa jirani, jirani, kwa wema kabisa, atasema kijana huyu hata soda haitaki. Naye kijana, akijaza fomu ya SF-86, ndiyo ya kuombea kibali, huona kwamba maswali mengi ya polisi yanarudi nyuma miaka 7 tu, akapumua, asitambue kuwa shtaka lihusulo pombe au dawa za kulevya huulizwa pasipo mpaka wa miaka, hata kama kesi ilifutwa. Akinyamaza kwa makusudi, ameliacha kosa la usiku mmoja na kuingia mlango wa E, uhusuo uaminifu, tena ametenda jinai iwezayo kumpeleka kifungoni miaka 5. Isitoshe, fomu ya uraia nayo ilimwuliza kama amepata kukamatwa, na majibu hayo mawili yaweza kuwekwa pamoja mezani.

Anayenyimwa huletewa kwanza waraka wa sababu. Na mfanyakazi wa makampuni ya mikataba, kwa amri iliyotolewa na Rais Eisenhower mwaka 1960, aweza kuujibu na kuomba kusikilizwa. Lakini kabla ya kufikia huko, na kabla ya kushika kalamu, aende kwa karani wa mahakama iliyomhukumu, achukue nakala ya kila karatasi, aandike tarehe kama zilivyo, kisha amwambie na yule jirani.