Je, Wajua? Siku 84 za mama zina historia

Mwalimu wa Ruangwa au muuguzi wa Nachingwea anapojifungua, sheria inampa likizo ya siku 84 huku mshahara ukiendelea. Akipata mapacha, siku zinafika 100. Akirudi kazini ana haki ya kutoka hadi saa mbili kwa siku akamnyonyeshe mwanawe. Yote haya yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Siku 84 ni wiki 12, kipimo kilichowekwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919. Lakini hapa kwetu hazikuja zenyewe. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, uliundwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Bibi Titi Mohamed. Baadaye, chini ya Sofia Kawawa, UWT ilidai likizo ya uzazi yenye malipo kwa kila mwajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa. Wapo waliosema hiyo ni kuhalalisha uhuni, kana kwamba mtoto mchanga huulizwa cheti cha ndoa kabla ya kunyonya! Akina mama hawakurudi nyuma, na katika miaka ya 1970 haki hiyo ikapatikana.

Ila sheria inamtazama aliyeajiriwa. Mama wa bonde la Mto Mbwemkuru anayelima korosho na ufuta wake mwenyewe hana mwajiri wa kumpa likizo. Msimu ukifika, anaokota korosho na kichanga mgongoni.