Mashine Haisubiri: Kuchagua Kiini cha Mfumo Endeshi kwa Mashine za CNC

Kompyuta ya ofisini ikichelewa nusu sekunde kufungua faili, hakuna kinachoharibika. Kompyuta hiyohiyo ikiongoza mashine ya CNC inayokata chuma, kuchelewa kwa muda mfupi mara elfu kumi kuliko huo kunatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Tupige hesabu. Mota ya hatua ya kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Kila hatua ikigawanywa mara 10, mzunguko mmoja unahitaji mipigo 2,000 ya umeme. Ikiwa skrubu husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, milimita moja ni mipigo 400. Meza ikienda kwa kasi ya milimita 50 kwa sekunde, kompyuta inapaswa kutoa mipigo 20,000 kila sekunde, yaani mmoja kila baada ya mikrosekunde 50. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mpigo mmoja ukichelewa mikrosekunde 40, unabanana na unaoufuata, na mota inaweza kushindwa kuitikia. Nyingi za mota hizi hazina kihisi cha kutoa taarifa, hivyo programu huendelea kukata ikiamini chombo kipo mahali pake.

Anayeamua kazi ipi ishike prosesa, na lini, ni kiini cha mfumo endeshi. Kiini cha kawaida cha Linux hujitahidi kazi nyingi ziishe mapema kwa jumla. Kiini cha wakati halisi hulenga jambo jingine: kazi ya dharura isichelewe kupita kikomo kinachojulikana. Kwa hiyo wastani haumsaidii fundi. Kinachohukumu ni kuchelewa kubaya kuliko kote, hata kukitokea mara moja kwa saa.

LinuxCNC ni mfano mzuri. Programu hii huria ya kuongoza mashine za CNC ilitokana na mradi wa EMC wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, miaka ya 1990. Watumiaji wake wana njia mbili kuu za kupata kiini cha wakati halisi. Ya kwanza ni RTAI, iliyobuniwa Politecnico di Milano, Italia. Hiyo huweka kiini kidogo chini ya Linux, na Linux yenyewe hupata zamu pale tu kazi za dharura zinapokwisha. Ya pili ni PREEMPT_RT, ambayo hurekebisha Linux yenyewe ili karibu kila sehemu yake iweze kukatizwa. Marekebisho hayo yalikaa nje ya kiini rasmi kwa takriban miaka 20, hadi yalipokamilishwa katika toleo la 6.12 la Novemba 2024.

Uchaguzi unategemea nani anatoa mipigo. Kompyuta ikiitoa yenyewe kupitia tundu la zamani la printa, RTAI kwa kawaida huchelewa kwa muda mfupi kuliko mwenzake, na hapo kila mikrosekunde ina thamani. Lakini mipigo ikitolewa na kadi ya FPGA, yaani kadi yenye chipu inayohesabu na kutoa mipigo yenyewe, kompyuta hutuma maagizo mara moja tu kila milisekunde. Kuchelewa mikrosekunde 100 ni sehemu ya kumi ya muda huo, na PREEMPT_RT inatosha. Tena ni rahisi kuisakinisha na kuihuisha.

Hata hivyo, kiini bora hakitibu kompyuta mbovu. Baadhi ya bodi mama husimamisha prosesa kwa siri ili kushughulikia joto au umeme, na mfumo endeshi hauwezi kuzuia hilo. Ndiyo maana LinuxCNC huja na kipimo cha ucheleweshaji. Kiendeshe kwa muda mrefu huku ukinakili faili kubwa, ukicheza video na kufungua madirisha mengi. Ucheleweshaji wa juu kabisa usiozidi mikrosekunde 20 unafaa sana kwa mipigo inayotolewa na kompyuta yenyewe. Kati ya 30 na 50 kasi itapungua. Ukifika 100 na zaidi, nunua kadi au badili kompyuta. Ukipita milisekunde moja, kompyuta hiyo haifai kabisa.

Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura nacho kikate umeme moja kwa moja kwa waya, kwani hakuna kiini kinachopaswa kukabidhiwa vidole vya fundi. Fundi mwenzangu, pima kompyuta yako kwanza, ndipo uchague kiini.