Redio ya Biashara Nayo ni Amana ya Umma

Tangu kutungwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1997, iliyounda Tume ya Utangazaji Zanzibar, wananchi wa Unguja na Pemba wamezoea kusikia redio nyingine mbali na ile ya Serikali. Hili ni jambo la kheri. Sisi hatumo miongoni mwa wanaotamani turejee katika zama za idhaa moja, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja. Lakini kila neema ina haki yake. Swali tunalopenda viongozi na wananchi walitafakari ni hili: redio inayoishi kwa fedha za matangazo ya biashara inadaiwa nini na kisiwa kinachoisikiliza?

Swali hili hatukulianza sisi. Kiko kisiwa cha mbali kilichokabiliana nalo tangu mwaka 1964, na hadi leo kinaendelea kulitafutia jibu. Ni kisiwa cha Man, katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ireland. Hatukitaji kwa kuwa kila kitokacho Ulaya ni kielelezo chema, la hasha. Tunakitaja kwa sababu watu wa visiwa, popote walipo, hupata tabu zinazofanana: bahari huwazunguka, chombo hakiondoki kukiwa na dhoruba, na jirani mkubwa wa ng'ambo ana sauti kubwa kuliko yao.

Kisiwa cha Man kina kilomita za mraba 572 tu, na katika sensa ya mwaka 2021 wakaazi wake walikuwa 84,069. Si sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kina Bunge lake, Tynwald, ambalo wenyewe wanalihesabu kuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja, ilhali ulinzi na mambo ya nje yamo mikononi mwa London. Mawimbi ya redio nayo yalikuwa mikononi mwa London, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Katika miaka hiyo sheria za Uingereza hazikuruhusu redio ya biashara. Aliyekuwa na ruhusa ya kutangaza alikuwa BBC peke yake. Viongozi wa Man walitaka kituo chao wenyewe, tena chenye mitambo ya nguvu, ili kiingize fedha za matangazo na kulitangaza jina la kisiwa kwa watalii. London ikakubali nusu. Iliruhusu kituo, lakini cha nguvu ndogo, ambacho sauti yake isingevuka sana mipaka ya kisiwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Manx Radio. Ilianza kusikika mwezi Juni 1964, wakati wa mashindano makubwa ya pikipiki ya TT, na studio yake ilikuwa ndani ya kigari cha kukokotwa kilichoegeshwa mlimani karibu na kijiji cha Onchan. Kwa kigari hicho, Man ikawa na redio ya biashara ya nchi kavu ya kwanza yenye kibali katika visiwa vile vyote. Waingereza wenyewe walisubiri hadi Oktoba 1973 ndipo redio za namna hiyo zilipofunguliwa kihalali mjini London.

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1964, meli ya Radio Caroline ilitia nanga karibu na mji wa Ramsey, nje ya maji ya kisiwa, ikawa inapiga muziki usiku na mchana bila ya kibali cha mtu. Watu wa Man waliipenda, kwani ililitaja jina la kisiwa chao bila ya malipo. London ilipotunga sheria ya kuziua redio za baharini mwaka 1967, wawakilishi wa kisiwa walikataa kuipitisha. London ikaitia nguvu kwa amri yake yenyewe, na kuanzia tarehe 1 Septemba 1967 sheria hiyo ikatumika katika kisiwa bila ya ridhaa ya Bunge lake. Kisa hiki kinafundisha kwamba redio si muziki na porojo tu. Mwenye kauli juu ya mawimbi ana kauli juu ya nchi.

Sisi katika hilo tuna bahati. Posta na simu ni mambo ya Muungano, lakini utangazaji tunausimamia wenyewe, kwa sheria yetu na kwa Tume yetu. Walichogombea wenzetu wa Man sisi tunacho. Iliyobaki ni kujiuliza tunakitumia vipi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Man iliinunua Manx Radio, na mwaka 1969 kituo kikahamia katika kilima cha Douglas Head, juu ya bandari ya mji mkuu. Tangu hapo kikawa na sura mbili. Kinauza nafasi za matangazo kama duka lolote la biashara, na papo hapo kinapokea ruzuku kutoka hazina ya umma. Sababu yake ni hesabu nyepesi: wasikilizaji wasiofika laki moja hawawezi kwa matangazo ya maduka peke yake kulipia waandishi wa habari, mafundi na vipindi ambavyo mfanyabiashara haoni faida yake.

Na vipindi hivyo ndivyo vinavyostahili kuangaliwa. Asubuhi kuna habari za kisiwa na mahojiano ambamo waziri huulizwa mbele ya waliomchagua. Mijadala ya Tynwald husikika moja kwa moja, na sherehe za Siku ya Tynwald, ambapo sheria hutangazwa hadharani katika kilima cha St John's, huwafikia hata wasioweza kutoka majumbani. Wakati wa TT, njia ya mashindano yenye urefu wa kilomita 60 hufungwa, na watazamaji husambaa vijijini na milimani wasione zaidi ya kona moja. Redio ndiyo inayowaambia nani anaongoza, wapi pana ajali, na lini barabara itafunguliwa. Meli ikizuiwa na upepo, wasafiri hupata habari kabla hawajafika bandarini. Hata matangazo madogo ya jamii yana nafasi yake.

Kisha kuna lugha. Mzee Ned Maddrell, anayehesabiwa kuwa wa mwisho kukua akisema Kimanx tangu utotoni, alifariki dunia mwezi Disemba 1974. Wengi waliihesabu lugha hiyo kuwa imezikwa pamoja naye. Leo watu wapatao 2,000 wanaifahamu kwa kiasi fulani, na ipo skuli ya msingi inayosomesha kwa lugha hiyo. Redio haikuifanya kazi hiyo peke yake, lakini iliitengea lugha saa zake hewani, na lugha isiyosikika haina wa kuirithi. Hakuna muuza sabuni aliyelipia vipindi hivyo.

Hatusemi kwamba kila kitu huko ni shwari. Ruzuku ya Manx Radio huzusha mjadala mara kwa mara katika Tynwald. Wapo wanaouliza kwa nini kituo kimoja kipewe fedha za umma huku vituo vingine vya kisiwa, Energy FM na 3FM, vikijitafutia riziki katika soko lile lile. Ni swali la haki, na wengine wanahofu pia kwamba mkono unaolisha unaweza kuziba mdomo. Lakini mjadala wenyewe ni faida, kwa sababu mwananchi anajua nini kinalipwa na kwa kazi gani.

Na tuje kwetu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Soko letu la matangazo ni kubwa kwa idadi ya watu, lakini ni dogo kwa mfuko. Kwa hiyo redio ya biashara huvutwa kwenye kinachouzika: muziki uliokwisha kupigwa Bara, mpira wa Ulaya, na maneno ya kupitisha saa. Hatuwalaumu vijana wanaozisimamia redio hizo kwa mitaji midogo. Tunauliza tu: bahari inasemwa saa ngapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na tarehe 18 Julai 2012, katika kipindi cha kusi, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Hatudai kwamba redio ingeliziokoa meli hizo. Mas-ala ya uzito wa mizigo na ukaguzi yana wenyewe wa kuyajibu. Lakini kisiwa kilichozika watu wengi namna hiyo hakiwezi kuichukulia taarifa ya hali ya bahari kuwa ni kitu cha kusomwa nafasi ikipatikana. Mvuvi wa Nungwi na wa Wete anapaswa kuisikia alfajiri kabla hajashusha chombo, katika redio yoyote aliyoifungua.

Tukumbuke pia kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme baada ya kuharibika mfumo unaopokea umeme kutoka Bara. Kiza kile kilitukumbusha thamani ya redio ndogo ya betri, ambayo haihitaji waya wala mtandao.

Rai zetu ni tatu. Kwanza, Tume iandike ndani ya kila leseni, kwa saa na dakika, kazi za umma ambazo redio ya biashara itazifanya: hali ya bahari, safari za vyombo, matangazo ya vifo, na habari za Baraza la Wawakilishi. Sharti lisilopimika ni nasaha tu. Pili, Serikali isiagize bila ya kulipa. Pale kazi inapozidi uwezo wa kituo, uwepo mfuko wa wazi ambao kila redio inaweza kuuomba, ya Serikali na ya binafsi, na hesabu zake zisomwe mbele ya Baraza. Tatu, Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba vipewe nafasi hewani kwa vinywa vya wenyewe, sasa, wakati wazee wa kuvisema bado wapo.

Kwa wenye redio tunasema: fanyeni biashara, mpate faida ya halali. Lakini mawimbi mnayoyatumia si mali ya mtu. Ni amana ya wananchi mliyokabidhiwa kwa muda, na siku leseni inapokwenda kuhuishwa, wananchi wana haki ya kuuliza amana yao imetunzwa vipi.