Mkongo umefika Ngomeni, masomo ya mifugo yafuate

Juni 2009, mkongo wa mawasiliano wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah ulipofika Mombasa, Rais Mwai Kibaki aliupokea Ngomeni, yaani Fort Jesus, ubavuni mwa Mji wa Kale. Gumzo la siku zile lilikuwa biashara na bei ya intaneti. Nataka kuuzungumzia kwa jambo ambalo halikupata nafasi: kumfundisha anayetibu wanyama wetu.

Kusomea udaktari wa mifugo kwa ushirikiano si jambo geni kwetu. Kitivo cha mifugo cha Kabete kilisomesha vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kabla ya Makerere na Morogoro kufungua vitivo vyao. Baadaye vyuo vya London, Cambridge na Edinburgh vilishirikiana kuanzisha WikiVet, hazina ya masomo ya mifugo mtandaoni, na mwanafunzi wa popote aweza kuifungua.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa ugonjwa wa midomo na miguu. Mwaka 2001 Uingereza ilichinja zaidi ya wanyama milioni 6 ili kuuzima. Mlipuko mkubwa wa kabla ya huo ulikuwa wa 1967, kwa hivyo madaktari wengi walikuwa hawajauona ugonjwa huo kwa macho yao. Kenya upo mwaka hadi mwaka. Ndipo tume ya Ulaya ya kuudhibiti, iliyo chini ya FAO, ikawa inawaleta madaktari wa Ulaya hadi Nakuru. Wanajiandaa mtandaoni, kisha wanaingia zizini pamoja na wenzao wa Kenya. Mdomo wa ng'ombe unafunguliwa, ulimi unavutwa, kidonda kinakadiriwa umri: ni lengelenge bichi, limepasuka, au limeanza kufunga? Umri wa kidonda ndio unaoeleza ugonjwa uliingia lini, na kutoka hapo inajulikana ni mnyama gani aliyeuzwa akiwa tayari ameambukizwa. Ujuzi huo Ulaya wanauchota katika mazizi yetu. Kenya hapo ni mwalimu, na mwalimu ana haki ya kusema somo liandikwe vipi.

Kisiwani Mombasa hatuna mazizi makubwa, ila tunaishi na wanyama mlango kwa mlango. Mchuuzi wa samaki akianza kupara, paka wameshamzunguka. Mtoto anapita kwenda madrasa, anainama kumshika mmoja, anang'atwa kidole. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, lakini paka naye huambukiza. Kidole hicho kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mtoto apelekwe hospitali akachanjwe. Shirika la kimataifa la GARC linafundisha haya bure mtandaoni, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030.

Jirani zetu wa Pemba wana la kutufundisha. Waliutokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, wakachanja tena hadi ukatoweka. Kwa nini anayechanja mbwa Mombasa asijifunze kwa waliofanya kazi hiyo katika kisiwa kama chake, kwa lugha yake? Wataalamu wa kaunti, maabara ya mifugo ya Mariakani na wenzao wa Pemba wanaweza kutengeneza video fupi za Kiswahili zisizomaliza bando: namna ya kumkamata mbwa wa mtaani bila kumuumiza, namna ya kumweleza mwenye nyumba asiyetaka mbwa wake aguswe. Ya kwanza ningependa iwe ya kutunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 katika joto la Januari, maana chanjo iliyoharibika humwacha mbwa bila kinga huku mwenye mbwa akiamini amechanjwa.